Injinia kusomea saplai cheni na mauzo ya kimataifa Hamburg: uzi kwa wanaofikiria njia hii

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu.

Inboksi yangu imejaa meseji za vijana waliomaliza au wanaokaribia kumaliza uhandisi, wa Mlimani, DIT, MUST, ATC Arusha, na swali ni lile lile: ilikuwaje mtu wa mekanika ukaenda kusomea saplai cheni (mnyororo wa ugavi) na mauzo ya kimataifa Ujerumani, kuna faida gani, na inaingiaje kwenye uhandisi. Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja niyaweke yote hapa ili na wengine wachangie. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi aupitie taratibu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Injinia anayeijua mashine ila hajui itafikaje site, nani anabeba hasara ikiharibika njiani na spea zake zitatoka wapi miaka mitatu baadaye, huyo ameijua mashine nusu. Na sisi mashine nyingi tunaagiza nje, kwa hiyo hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayotumaliza.

Kwa Wajerumani hii kitu si mtindo mpya. Tangu miaka ya 1920 pale Berlin walianza kutoa shahada ya Wirtschaftsingenieur, yaani mtu anasoma uhandisi na biashara kwa pamoja, anajua kusoma mchoro na anajua kusoma mkataba. Na Hamburg ni mahali pake hasa, bandari iko ndani ya mji kabisa, juu ya mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, mwaka 2024 ilipitisha takriban TEU milioni 7.8 (TEU moja ni sawa na kontena moja la futi 20), na ukienda tamineli ya Altenwerder iliyoanza 2002 unakuta magari yasiyo na dereva yanabeba makontena kutoka ubavuni mwa meli mpaka yadi. Halafu ni mji rafiki wa Dar tangu 2010, wengi hawajui.

Sasa niwape mfano wa kitu tunachofundishwa muone kama ni biashara au ni uhandisi.

Tulipewa pampu ya maji, imefungwa pamoja na mota yake juu ya fremu ya chuma, ikiwa ndani ya kreti la mbao la mita 1.20 kwa 1.20, makreti hayaruhusiwi kupandana, kazi ni kuyapakia kwenye kontena la futi 20. Darasa zima la mainjinia likakimbilia kupiga hesabu ya uzito, maana injinia ukimwambia mzigo yeye anawaza tani. Kumbe uzito hauna shida hata kidogo. Kontena la futi 20 ndani lina urefu wa mita 5.90 hivi na upana wa mita 2.35. Weka makreti mawili ubavu kwa ubavu, 1.20 na 1.20 ni 2.40, hayaingii. Yamekataa kwa sentimita 5. Inabidi upange mstari mmoja tu, yanaingia manne, na pembeni kunabaki uwazi wa zaidi ya mita moja, hewa tupu, na unailipia nauli mpaka Dar. Haya sasa rudi kwenye mchoro, sogeza miguu ya fremu, badilisha mbao za kreti, lifike 1.15 kwa 1.15. Yanakaa mawili mawili, mistari mitano, makreti 10. Kontena ni lile lile na nauli ni ile ile, lakini mwanzo ulikuwa unaigawa kwa pampu 4 na sasa unaigawa kwa pampu 10.

Huo uamuzi hawezi kuufanya mtu wa shipingi, yeye anapokea kreti likiwa limeshagongwa misumari. Hawezi kuufanya mhasibu. Ni wa aliyechora fremu, na aliyechora fremu hakuna aliyewahi kumwambia kontena lina upana gani. Mimi hapo ndipo niliponasa.

La pili ni CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli. Humu ndani wengi mmeagiza gari Japani, bei ya "CIF Dar" mnaijua kama jina lenu. Lakini ukimuuliza mtu meli ikipata ajali katikati ya bahari hasara ni ya nani, atakwambia ya muuzaji, si ndiye aliyelipia mpaka Dar. Hapana wakuu. Kwenye CIF muuzaji analipa nauli na bima mpaka bandari ya kushukia, lakini hatari inahamia kwako mnunuzi pale tu mzigo unapokuwa melini kwenye bandari ya kuondokea. Na bima anayotakiwa kukukatia ni ile ya kiwango cha chini kabisa, haifidii kila kitu, labda mkubaliane vingine. Hizi ndizo Incoterms, kanuni za nani analipa nini na nani anabeba hatari kwenye mauzo ya kimataifa, zinatolewa na ICC (Chemba ya Kimataifa ya Biashara) pale Paris, za kwanza zilitoka 1936 na zinazotumika sasa ni za 2020, kanuni ziko 11 tu, zinasomeka wikiendi moja.

Na kuna kosa linalofanywa kila siku, watu wanaagiza kontena kwa FOB, yaani hatari ni ya muuzaji mpaka mzigo uwe melini. ICC wenyewe wanasema kwa kontena tumia FCA, ambapo hatari inahama muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo, sababu kontena halipelekwi ubavuni mwa meli na muuzaji, linaachwa tamineli, linaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kupakiwa, na kipindi chote hicho chini ya FOB hatari bado ni ya muuzaji wakati mzigo haupo mikononi mwake tena. Likitokea la kutokea ndiyo mnaanza kuvutana na mawakili. Injinia wa mradi ndiye anayeandika mahitaji ya mtambo, angekuwa anaielewa hii angeiandika sawasawa toka mwanzo.

Nitaendelea, karibuni kwa maswali.

#2 Mdau (injinia wa site, Mbeya)

Mkuu umeandika vizuri na nimejifunza hilo la kontena. Ila kama mtu wa miaka mingi site nina wasiwasi na hii njia. Tunalia hatuna mainjinia wa kutosha wa kubuni na kusimamia mitambo, halafu wale wachache wenye vichwa wanaenda kusomea kuuza. Bodi ya wahandisi, ERB, inakusajili kama mhandisi. Watu wa ununuzi na ugavi wana fani yao na bodi yao PSPTB, wamesoma miaka yote hiyo, waachieni kazi yao. Kila mtu akae kwenye fani yake, ndivyo ninavyoona.

#3 Mleta uzi

Heshima kwako kaka. Hoja yako naiheshimu na watu wa PSPTB siwadharau hata chembe, kwenye taratibu za zabuni wanatuacha mbali sana. Ninachosema ni kwamba kuna maamuzi yanaangukia katikati, siyo ya kwao na sisi tunayakimbia.

Na kwa kuwa uko Mbeya nikupe la huko huko. Mota nyingi za umeme zinatengenezwa kwa viwango vya kimataifa vya umeme vya IEC, na nguvu iliyoandikwa kwenye kibati chake ni ya matumizi mpaka mwinuko wa mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, zaidi ya hapo hewa ni nyepesi, mota haipoi vizuri, unatakiwa uipunguzie mzigo au ununue kubwa zaidi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Pampu nayo uwezo wake wa kuvuta maji kutoka chini unapungua kwa sababu mgandamizo wa hewa umepungua. Sasa muuzaji aliyekaa Ulaya ambaye hajui uhandisi anauliza tu "unataka kilowati ngapi na lita ngapi", anatoa kotesheni, anauza. Muuzaji injinia anauliza mtambo unakaa mwinuko gani, maji yana mchanga kiasi gani, bomba la kuvutia ni la inchi ngapi na lina kona ngapi, umeme wenu unashuka mpaka volti ngapi jioni. Ndiyo maana kampuni za huku, mfano watengeneza pampu kama KSB ya Frankenthal ambayo ipo toka 1871, mauzo ya nje wanawapa mainjinia. Tunafundishwa kwamba kotesheni nzuri inaanza na maswali, bei inakuja mwishoni kabisa. Na akija kwako Mbeya muuzaji wa hivyo, wewe upande wa kununua unatakiwa uwe na mtu wa kumjibu kwa lugha hiyo hiyo.

Kuhusu kuacha uhandisi, chukua MV Liemba pale Kigoma. Ile meli ilijengwa na Meyer huko Papenburg mwaka 1913, ikafumuliwa vipande vipande, ikaingizwa kwenye maboksi kama 5,000, ikapakiwa Hamburg hapa hapa kwenda Dar, kisha reli ya kati mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingizwa ziwani 1915. (Baadaye Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 wasiwaachie maadui, ikaja kuibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua.) Fikiria kaka, maboksi 5,000 na hakuna kompyuta. Huwezi kutanguliza bati za sitaha wakati mkuku bado uko bandarini Dar. Huwezi kusahau ribiti, Kigoma ya 1914 utaenda kununua duka gani. Aliyepanga boksi lipi litangulie na lipi lifuate ilibidi aijue meli inavyoungwa, bati kwa bati. Kazi ile uitaje uhandisi au uite ugavi? Mimi siwezi kuvitenganisha.

#4 Mdau (natoa mizigo, Kurasini)

Naungana na mleta uzi asilimia mia, na kaka wa Mbeya nisamehe. Sisi huku kwenye forodha tunateseka na invoisi zilizoandikwa na watu ambao hawakuongea na injinia wao. Unaletewa invoisi imeandikwa "spea za mashine", basi, mstari mmoja, dola elfu kadhaa. Spea gani? Pampu za maji ziko kichwa 8413 kwenye HS (orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa za forodha), mota za umeme ziko 8501, bomba za chuma ziko huko kwenye 73. Kila kitu na ushuru wake, na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki toka Julai 2022 ina madaraja manne, 0, 10, 25 na 35. Mitambo mingi ya uzalishaji iko chini au haina kabisa, lakini ukishindwa kueleza kitu ni nini ofisa naye ana haki ya kukuhoji, na wakati mnahojiana kontena linahesabu storeji na wenye meli nao wanahesabu gharama yao ya kucheleweshewa kontena. Siku zinaenda mteja anakupigia kelele wewe.

Kingine watu wajue, thamani ya kutozea ushuru huku kwetu inachukuliwa kwa CIF, bei ya mzigo jumlisha bima na nauli. Kwa hiyo lile kreti la sentimita 5 la mleta uzi, ile nauli ya kubeba hewa, kama kitu chako kina ushuru basi umelipia ushuru na VAT juu ya hewa. Hapo hujaongeza hata senti ya maana kwenye mradi.

Tukipata mainjinia wanaojua kuandika orodha ya vilivyofungashwa (packing list) vizuri, kitu, kazi yake, kimetengenezwa kwa nini, kinafungwa wapi, mzigo unatoka mapema. Hata picha ya kibati cha mota ni msaada mkubwa.

#5 Mdau (mwaka wa nne, DIT, umeme)

Habari kaka, hongera kwa uzi. Mimi niko mwaka wa nne umeme na hii kitu imenivutia ila nina maswali. Kwanza, sisi wa umeme tunaingia wapi maana mifano yote ni ya mekanika. Pili, hesabu zake zikoje. Tatu na hili ndilo kubwa, pesa, maana nyumbani hali ni ya kawaida. Na Kijerumani je, ni lazima? Asante.

#6 Mleta uzi

Dada karibu sana, na maswali yako ndiyo ya kila mtu inboksi kwa hiyo nayajibu kwa urefu.

Wa umeme mko nyumbani kuliko hata sisi. Kuna mchezo unachezwa karibu kila shule ya saplai cheni duniani, unaitwa mchezo wa bia, ulitokana na kazi ya Jay Forrester pale MIT. Na huyu Forrester alikuwa injinia wa umeme, ndiye aliyeongoza ujenzi wa kompyuta ya Whirlwind na kuendeleza kumbukumbu za sumaku za kompyuta za zamani, akahamia kwenye mambo ya viwanda akiwa na akili ile ile ya mifumo ya kudhibiti.

Mnakaa wanne mezani, mmoja ni duka la rejareja, wa pili muuzaji wa jumla, wa tatu msambazaji, wa nne kiwanda. Kuongea marufuku, mnapitishiana vikaratasi vya oda vimegeuzwa chini. Oda inachukua muda kufika na mzigo unachukua wiki mbili njiani. Mteja ananunua kreti 4 kila wiki, wiki ya 5 anapanda kuwa 8 na anabaki 8 mpaka mwisho. Badiliko ni hilo moja tu. Lakini duka likiishiwa linaagiza zaidi kidogo kwa tahadhari, wa jumla anaona oda zimepanda anaagiza zaidi na yeye, msambazaji hivyo hivyo, kiwanda kinaona oda zimeruka juu kinazalisha kwa nguvu zote, halafu mzigo wote unafika kwa pamoja, hakuna anayetaka, oda zinashuka mpaka sifuri na kiwanda kinakaa kimya wakati mteja wa mwisho hajawahi kutetereka, ni kreti 8 tu kila wiki. Jamaa aliyekaa kiwanda kwenye meza yetu alikuwa amekasirika kweli, anaamini wa dukani anamchezea, mpaka karatasi za mteja zilipofunuliwa akanyamaza anaziangalia. Hakuna aliyemchezea. Ni ucheleweshaji ndani ya mzunguko wa mrejesho, wewe wa umeme umeshachora kitu hicho kwenye somo la kudhibiti mifumo mara ngapi sijui, ukiongeza ucheleweshaji mfumo unaanza kuyumba. Wenyewe wanaita athari ya mjeledi, mkono unasogea kidogo ncha inaruka mbali.

Na siyo mchezo tu. Kumbukeni sukari mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilikwamisha uzalishaji viwandani, hilo ni tatizo la kweli. Lakini mtu aliyezoea kununua kilo akisikia inaadimika ananunua tatu, mangi akiona foleni anaagiza mara mbili, wa jumla anashikilia stoki, na uhaba unaoonekana dukani unakuwa mkubwa kuliko ule wa kiwandani. Serikali au kiwanda kinachosoma oda bila kusoma matumizi halisi kitaagiza kupita kiasi. Hizi hesabu nchi inazihitaji jamani.

Hesabu zenyewe hazitishi ukishapita mwaka wa pili wa uhandisi. Uwezekano, takwimu, optimaizesheni, programu kidogo ya Python. Mfano akiba ya tahadhari ya spea. Kama matumizi ya wiki yanabadilika badilika bila mpangilio na muda wa kusubiri mzigo unajulikana, akiba inakua kwa kipeuo cha pili cha muda wa kusubiri, yaani square root yake, haikui sambamba na muda wenyewe. Muda ukipanda kutoka wiki 4 kwenda wiki 9, mtu wa kawaida ataweka spea mara mbili na zaidi. Fomula inakwambia mzizi wa 4 ni 2, mzizi wa 9 ni 3, weka mara moja na nusu inatosha kwa usalama ule ule. Hiyo tofauti ni pesa zinazolala stoo. Na hili siyo la kufikirika, toka meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu Novemba 2023, meli nyingi za Asia na Ulaya zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka siku 10 mpaka wiki mbili, na kila mwenye kiwanda ilibidi akae chini apige upya.

Sasa pesa. Vyuo vya serikali Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada, unalipa mchango wa semista wa euro mia kadhaa hivi. Isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg wanatoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa semista, na TU München walianza kutoza wageni toka muhula wa baridi wa 2024/25, masta ni euro 4,000 mpaka 6,000 kwa semista. Vyuo binafsi vya lojistiki vipo vizuri tu ila ada ni ya kwao wenyewe. Kikwazo chenyewe kwa mtu wa hali ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti unayoiwekea pesa za mwaka mzima kabla ya viza na wanakuachia kidogo kidogo kila mwezi. Toka Septemba 2024 ni euro 11,904, sawa na 992 kwa mwezi. Hii imewarudisha nyuma watu wenye alama nzuri kuliko mimi na inaniuma kila nikiandika.

Njia ya kuikwepa ni ufadhili, ukiwa na ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi wa kimataifa, hiyo akaunti haihitajiki. Ila soma masharti: programu yao ya EPOS kwa nchi zinazoendelea inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili baada ya digrii na digrii isizidi miaka sita. Kwa hiyo wewe ukimaliza usikae nyumbani kusubiri, ingia kiwandani, TANESCO, kwenye mradi wowote wa umeme, hata kama mshahara ni mdogo, ile miaka miwili ndiyo tiketi. Maombi ya vyuo vingi yanapitia uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo, euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata, usitawanye vyuo kumi kama mbegu. Ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, na ukimaliza wanakupa miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yako.

Kijerumani: masta nyingi ziko kwa Kiingereza, utasoma na kufaulu bila hicho. Lakini kama lengo ni mauzo usidanganywe. Kampuni za wastani zinazotengeneza mashine zipo kwenye vimiji vidogo, mikutano yao ni Kijerumani, utani wao ni Kijerumani, na mteja akiuliza swali fundi wa karakana ndiye mwenye jibu na hana Kiingereza. Anza Goethe pale Dar mapema, ufike na B1 (kiwango cha kati cha lugha) mkononi. Mimi naona hili ni kubwa kuliko alama za GPA.

#7 Mdau (Karagwe)

Mkuu mimi nimemaliza uhandisi wa kilimo, mzee wangu ni mkulima wa kahawa huku Karagwe. Naona mnaongelea kununua tu. Sisi wa kuuza nje hii elimu inatusaidia nini? Kahawa si inanunuliwa tu?

#8 Mleta uzi

Mkuu swali lako nimelipenda kuliko yote, na hapa nina moyo nalo kwelikweli, maana Hamburg ni moja ya bandari kubwa za kahawa Ulaya, yale maghala mekundu ya Speicherstadt ambayo UNESCO wameyaweka kwenye urithi wa dunia 2015 ndiyo yalikuwa yanatunza kahawa, chai, viungo na mazulia.

Kahawa hainunuliwi tu. Chukua kontena moja la futi 20, magunia 320 ya kilo 60, tani 19 na ushee. Kahawa mbichi iliyokaushwa vizuri bado ina unyevu wa asilimia 11 au 12 hivi. Piga hesabu, ndani ya kontena hilo kuna zaidi ya tani mbili za maji zimekaa ndani ya punje. Linafungwa Dar kwenye joto, linapanda kaskazini, likikaribia Ulaya mwezi wa Januari bati za kontena zinapoa haraka wakati kahawa katikati bado ina joto lake. Unyevu unatoka kwenye punje, unapanda, unakutana na paa la baridi, unageuka matone, yanarudi kudondokea magunia ya juu. Wanaita mvua ya kontena. Mlango ukifunguliwa huku unaona alama za maji kwenye magunia ya juu na pembeni, ukigusa gunia limekakamaa pale lilipolowa na kukauka, ukinusa unajua kabisa, ni harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Kuvu. Kahawa iliyotoka kwa mzee ikiwa safi inashushwa daraja.

Na ukirudi kwenye lile la CIF na FOB nililoeleza juu, unaona sasa kwanini muuzaji na mnunuzi wanagombana unyevu uliingia lini. Kama ulipima unyevu ukaandika kabla ya kufunga mlango, una cha kusema. Kama hukupima, huna. Dawa zake ni za uhandisi tupu: kukagua kama kontena lina tundu kwa kuingia ndani na kufunga mlango uone kama mwanga unapenya, kuweka karatasi nzito za kraft ukutani na juu ya magunia, kutundika vifuko vya kufyonza unyevu, kupanga magunia yasiguse bati, kuomba kontena likae chini ya sitaha mbali na jua. Somo la uhamishaji joto mliona gumu chuoni, ndilo hili hapa.

Jambo la pili ni sheria ya Ulaya ya ukataji misitu, 2023/1115. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja lakini sheria ipo. Inataka kahawa inayoingia Ulaya iwe na ramani ya shamba ilikotoka, alama za GPS, na shamba lisiwe limetokana na msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Shamba la zaidi ya hekta 4 linatakiwa lichorwe mipaka yake, dogo linatosha nukta moja. Kwa mkulima mmoja mwenye ekari mbili siyo kazi, kazi iko kwenye chama cha msingi chenye wakulima mamia ambao kahawa zao zinachanganywa kwenye mashine moja ya kukoboa. Ukishachanganya, nukta moja yenye kasoro inaharibu kontena zima. Kwa hiyo lazima mtu apange upya mtiririko wa pale kiwandani, mzigo wa nani unaingia lini, unawekewa alama gani, unahifadhiwa wapi kabla ya kukobolewa. Huyo mtu ni injinia wa kilimo anayejua mnunuzi wa Hamburg anataka karatasi gani. Kama hatumtoi kwetu ataletwa wa nje na malipo yake yatakatwa kwenye bei ya mkulima.

Na la malipo usilisahau. Mkiuza kwa LC, yaani barua ya benki ya mnunuzi inayoahidi kulipa mkileta karatasi zinazotakiwa, benki inaangalia karatasi, haiangalii kahawa, ndivyo kanuni za ICC za LC, UCP 600, zinavyosema toka 2007. Jina la chama kwenye B/L (hati ya mzigo inayotolewa na wenye meli) likitofautiana herufi na lile la kwenye LC, benki inaweza kukataa kulipa hata kama kahawa ni nzuri kuliko zote Kagera.

Kwa hiyo wewe usianze na maombi ya chuo. Msimu unaokuja nenda pale wanapokobolea kahawa ya mzee, omba ukae nao hata bila malipo, uwe na kipima unyevu, pima kila shehena inayoingia na inayotoka, andika tarehe na hali ya hewa. Ukiwa na daftari la msimu mmoja barua yako ya maombi itajiandika yenyewe, na profesa akiisoma atajua unataka kusoma nini. Ukishaiandika nitumie PM niipitie kabla hujaituma.